Penseli ya Sikioni

Akeyo amewasha taa ya sola, ameketi juu ya kitanda
ambacho mwenyewe hajaja kukichukua tangu Pasaka,
ananiuliza kwa sauti ya mwalimu wake wa hisabati:
"Taja aina nne za viungo vya mbao."

Nne! Mwanangu, mikono hii
imeunga vitanda vya maharusi wa Manyatta,
kabati za wajane, jeneza la Mzee Obiero aliyenifunza,
na hakuna siku ubao uliniuliza jina la darasani.
"Kuna ile ya nishike-nikushike," namwambia.
Anacheka mpaka taa inatikisika.
Kitabuni, baba, inaitwa mkia wa njiwa.

Haya. Mkia wa njiwa.
Naurudia nikipiga randa, nikinywa uji,
mkia wa njiwa, mkia wa njiwa,
hadi Nyaboke wa duka la gundi akauliza
kama siku hizi nafuga ndege.

Hapa Kibuye hakuna aliyewahi kuniomba cheti.
Mteja hukipiga kitanda teke, hukikalia,
hurukaruka kidogo akidhani sioni,
kisha huomba nimpunguzie mia tano.
Huo ndio mtihani wangu, miaka ishirini na mitatu.
Lakini mwezi wa pili shule moja kule Ahero
ilitaka madawati mia na arobaini.
Karani aliipenda bei, aliipenda sampuli,
aliigeuza juu chini, akaipapasa kama ng'ombe wa mnada.
Kisha akanyoosha mkono:
"Na karatasi ya serikali?"
Nikampa kalenda yenye namba yangu ya simu.

Kazi ikaenda kwa kijana wa Gredi ya Pili
ambaye alikuja jioni kuniajiri.
Ndiyo. Nilimtengenezea yale madawati yote,
jina lake likapigwa muhuri kwenye stakabadhi
na jasho langu likafyonzwa na mbao za msaiprasi
ambazo hazijui kusoma.

Basi nimelipa ada. Gredi ya Tatu, chini kabisa,
pale wanapoanzia watoto waliomaliza chuo juzi.
Sehemu ya vitendo siiogopi.
Nipe mbao, nipe msumeno wenye meno,
nikalishe mbali na wanaoongea.
Ninachoogopa ni milimita.
Mimi hupima kwa shubiri na upana wa kucha,
na shubiri yangu haimo kwenye futi ya mtu mwingine.
Akeyo ameniandikia ukutani kwa chaki:
shubiri ya baba, milimita mia mbili kumi na nane.
Sasa najijua.

Swali la kumi na moja:
"Eleza hatari mbili za msumeno wa mviringo."
Nikauinua mkono wa kushoto mbele ya taa.
Kivuli ukutani kina vidole vitatu na gumba.
Akeyo akakitazama kivuli, hakunitazama mimi.
"Andika kwa maneno, baba," akasema polepole,
"msahihishaji hatauona mkono."

Nikaandika. Kidole kimoja, mistari minne.
Sikutaja jina la mwenye karakana,
wala kwamba siku ile umeme ulikatika, ukarudi ghafla
nikiwa nimeinama kuondoa kipande kilichonasa.
Kitabu hakitaki hadithi.
Kinataka: zima swichi kwanza.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimenoa patasi mbili,
nimeifunga guni kwenye gazeti,
Mama Akeyo amepiga pasi koti langu la vumbi
kana kwamba naenda kuposa.
Penseli nimeitafuta nyumba nzima,
chini ya kitanda, kwenye mkebe wa misumari,
nikaanza kufoka.
Akeyo akanyoosha mkono, akaichukua sikioni mwangu,
mahali ilipokaa miaka yote hii
ikishuka kuandika namba tu.
Ameichonga kwa patasi yangu, vibaya,
ncha imeenda upande.
Nimemwacha.